Ethanoli na hadithi ya "serikali isamehe kodi tu"

Juzi tena. Nimekaa barazani Malindi, hapa Unguja, baada ya alasiri, ZURA, wadhibiti wa mafuta Zanzibar, washatangaza bei mpya za mafuta, mmoja akaanza: "Miwa tunayo, kiwanda cha sukari Mahonda kipo, serikali isamehe kodi tu watu watengeneze ethanoli yetu wenyewe, ile spiriti ya kutia kwenye gari, tuachane na petroli ya kuletwa na meli." Wote wakaitikia. Mie kazi yangu ni hesabu za kodi za wafanyabiashara wa mafuta na maneno haya nishayasikia harusini, nishayasikia kwenye boti ya Pemba, na hata ofisini kwa watu wanaopaswa kujua zaidi. Nilijibu pale pale lakini haraka haraka, ndo nimeona niandike.

Msamaha wa kodi peke yake haujengi kiwanda cha ethanoli, jamani. Kinachojenga kiwanda ni kuwepo mtu anaelazimika kununua.

Tazama Marekani, mana ndo mfano ambao kila mtu anauleta lakini haufuati mpaka mwisho. Mwaka 1978 walipitisha sheria ya kodi ya nishati, ikasamehe senti 4 kwa kila galoni ya petroli iliyotiwa ethanoli asilimia 10. Mtu akisikia senti 4 anaona si kitu. Piga hesabu: galoni moja ya ethanoli inatosha kupata galoni 10 za mchanganyiko, kwa hiyo galoni moja ya ethanoli ilikuwa na msamaha wa senti 40 nyuma yake, na hizo si hela ndogo. Sheria ya 2004 ikageuza ule msamaha kuwa marejesho ya kodi, senti 51 kwa galoni ya ethanoli, baadae ikashushwa mpaka 45.

Sasa hapa ndo panaponiudhi. Marejesho yale alikuwa anayadai nani? Si mkulima wa mahindi, wala si mwenye kiwanda cha kutengeneza ethanoli. Ni yule anaechanganya, mara nyingi kampuni ya mafuta yenye matangi. Mkulima na kiwanda walipata kile tu ambacho mchanganyaji alikubali kukiongeza kwenye bei ya kununulia. Kwa hiyo mtu akinambia "wasamehe kodi", swali langu ni moja: kodi ipi, na jina la nani litaandikwa kwenye fomu ya madai? Asipoweza kujibu hilo basi hajasema kitu bado.

Halafu tarehe 31 Disemba 2011 yakaisha yote, marejesho yakaisha, na ule ushuru wa senti 54 kwa galoni uliokuwa unaizuia ethanoli ya nje nao ukaisha. Viwanda vilikufa? Havikufa. Mwaka 2012 uzalishaji ulishuka, na huo ulikuwa mwaka wa ukame uliounguza mahindi, kisha ukapanda mpaka ukapita galoni bilioni 15 kwa mwaka. Sababu kubwa ni kwamba sheria ya 2005, iliyotiwa nguvu 2007, ilishawalazimisha wauza mafuta kuchanganya kiasi maalumu kila mwaka. Mtu anaweza kunambia bila ile miaka 30 ya kulelewa kwa kodi visingekuwepo viwanda vya kuitosheleza sheria hiyo ya lazima, na hapo nakiri ana hoja, sina jibu la kuimaliza.

Brazil nao walianza 1975, lakini wao walitia mikopo nafuu na bei ya uhakika ya kununulia, si msamaha tu. Na bado mwaka 1989 kuelekea 1990 ethanoli iliadimika, mana sukari ilikuwa inalipa zaidi, na wenye gari za ethanoli tupu wakahangaika vituoni. Kiwanda cha miwa kinaweza kutoa sukari au ethanoli, na sheria ya kodi haikibembelezi ikiwa bei ya sukari imepanda.

Kitu chengine ambacho hakisemwi kabisa: lita ya ethanoli ina nishati kama theluthi mbili tu ya lita ya petroli. Ukiitoza kodi kwa lita sawasawa na petroli, dereva wa daladala analipa kodi mara moja na nusu kwa safari ile ile. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya msamaha si zawadi, ni kurekebisha mizani.

Turudi kwetu. Kodi ya mapato na ushuru wa forodha ni mambo ya Muungano, na viwango vya forodha tunafungamana na Afrika Mashariki. Baraza la Wawakilishi peke yake haliwezi kukupa vyote unavyoviomba. Na Sheria ya Fedha inarudi kila mwaka, wakati benki inakopesha kiwanda kwa miaka kumi. Ungekuwa wewe ndo benki, ungekopesha kwa kutegemea kipengele kinachoweza kufutwa Juni ijayo?

Halafu lazima sheria itenganishe ethanoli ya mafuta na ya kunywa, na kwetu hili si dogo. Ya mafuta inakaushwa mpaka asilimia 99 na zaidi, kisha inatiwa petroli kidogo ili isinyweke. Bila ya kipengele hicho na mkaguzi wa kukisimamia, spiriti iliyosamehewa kodi itaishia chupani. Na ikibaki na maji, hewa yetu hii ya chumvi na unyevu, matangi yatatenga tabaka mbili na gari zitazimika.

Kuhusu molasi, yaani ule uji mzito unaobaki sukari ikishatolewa: tani moja ya miwa inaacha molasi ya kutoa lita 10 hivi za ethanoli. Kiwanda kikisaga tani 100,000 kwa mwaka unapata lita milioni moja, yaani malori ya tangi ya mafuta thalathini hivi kwa mwaka mzima. Kwa kiasi hicho mtambo wa kukaushia nina wasiwasi kama utajilipa, hata ukisamehewa kodi zote. Ndo mana yule bwana wa barazani nilimwambia, kama tunaitaka kweli, twende na Bara kwenye sheria moja ya lazima ya kuchanganya, kiwanda cha Unguja kiuze kwenye soko lile lile na cha Kilombero, msamaha tuujadili baada ya hapo.