Furahini katika Bwana, hata unapouguza

Anayemuuguza nyumbani mzazi aliyepooza kwa kiharusi huusikia Wafilipi 4:4 karibu kila anapotembelewa: "Furahini katika Bwana sikuzote." Mstari ni wa kweli, ila wengi tunaufundisha nusu. Tunamhimiza mwenye mzigo achangamke, naye anazoea kujibu "Bwana asifiwe, tunaendelea vizuri" ilhali usiku kucha hajalala. Katika ushauri wa kichungaji sijaona kosa linaloumiza waumini kuliko hili. Mtu akishazoea kuwaficha watu, anaanza kumficha na Mungu, na mwisho sala inamshinda.

Paulo aliandika maneno yale akiwa kifungoni, na barua ileile haifichi huzuni. Soma 2:27: Epafrodito, mjumbe wa Wafilipi, aliugua karibu kufa, na Paulo anasema Mungu alimhurumia asije yeye mwenyewe akapata huzuni juu ya huzuni. Katika 3:18 anaandika kwa machozi. Furaha na majonzi vilikaa katika kifua kimoja. Halafu 4:11 anasema amejifunza kuwa radhi, na jambo la kujifunza lina pa kuanzia.

Mimi huanzia na Zaburi ya 13, kwa sababu ina aya 6 tu na mtu aliyechoka anaimudu. Aya ya 1 na ya 2 zinauliza "hata lini" mara nne. Aya ya 3 na ya 4 ni ombi. Aya ya 5 na ya 6 ni tumaini na wimbo. Chukua daftari, tenga dakika 15 mgonjwa akiwa amelala, uandike kwa mpangilio huohuo. Andika kwanza "hata lini" zako nne, nazo zitaje mambo kama yalivyo: hata lini nitamgeuza mama usiku peke yangu? Hata lini ndugu zangu watapiga simu bila kufika? Usizipambe, Mungu hashtuki. Kisha andika ombi moja tu, la wiki hii. Mwisho andika sentensi moja ya jambo ambalo Bwana amewahi kukutendea kweli, si fadhili kwa ujumla: ada iliyopatikana, homa iliyoshuka, jirani aliyebisha hodi na chakula.

Wengi huharibu kwa kuruka moja kwa moja hadi aya ya 5. Shukrani inatoka mdomoni, uchungu unabaki palepale, na jioni unamtokea mtoto aliyemwaga maji. Wengine hukwama kwenye aya mbili za kwanza wiki nzima; hao nawashauri wasome aya ya 5 na ya 6 kwa sauti pamoja na mtu mwingine, maana imani ya mwenzako inaweza kukubeba siku yako ikiwa nzito. Na ikiwa leo wimbo hautoki kabisa, ipo Zaburi ya 88. Inaanza kwa kumwita Mungu wa wokovu, inaishia gizani, na bado ni sala. Isome, funga daftari, kalale.

Kulala nako ni sehemu ya jambo hili. Katika 1 Wafalme 19 nabii Eliya aliomba afe. Malaika hakuanza kwa mahubiri: alimwamsha ale mkate uliookwa juu ya makaa na anywe maji, akamwacha alale tena, akamwamsha ale mara ya pili. Safari ya kwenda mlima Horebu ilikuja baadaye. Sasa fikiria: mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia. Hakuna mtu mmoja awezaye kazi hiyo mchana na usiku akabaki mchangamfu. Kwa hiyo anayeuguza hivi simshauri afunge kula. Namshauri apate zamu.

Tena, huzuni ikikushika karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, hamu ya kula ikapotea, usingizi ukavurugika, nenda kituo cha afya. Sonona ni ugonjwa, si upungufu wa imani. Ukiwaza kujidhuru, usingoje hata siku moja: mwambie mtu wa karibu na mwende hospitali.

Nanyi mnaotembelea: rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku 7 mchana na usiku bila kunena neno, na mambo yaliharibika walipoanza kumfundisha. Warumi 8:28, ile ya mambo yote kuwapatia mema wampendao Mungu, msiingie nayo mlangoni. Ingieni na uji, ombeni mashuka ya kufua, msomeeni mgonjwa mstari mmoja taratibu.

Anayeuguza naye asiseme tu "mniombee". Aiambie jumuiya kwa siku na saa: Jumanne, saa tatu hadi saa sita asubuhi, nahitaji mtu mmoja wa kukaa na mama ili nilale. Paulo, aliyeandika "furahini", alipokea msaada ulioletwa na Epafrodito na akawaambia Wafilipi kwamba walifanya vema kushiriki dhiki yake.