Kiwango cha kuripoti cha kipanya na uchelewaji wa amri

Kiwango cha kuripoti ni idadi ya mara ambazo kompyuta hupokea, katika sekunde moja, taarifa za mwendo wa kipanya na za vitufe vilivyobonyezwa. Hupimwa kwa hezi. Kipanya cha kawaida cha ofisini huripoti kwa hezi 125, yaani kila milisekunde 8. Vipanya vingi vya gemu hufika hezi 1000, yaani kila milisekunde 1, na baadhi ya vipya hufika hezi 8000, ambapo pengo ni milisekunde 0.125 tu. Kiwango hiki kisichanganywe na DPI, ambayo hupima wepesi wa kipanya kuhisi mwendo.

Kipanya cha USB hakisemi mpaka kiulizwe. Kompyuta ndiyo hukiuliza kwa vipindi vilivyopangwa, na mbofyo unaofanyika punde tu baada ya swali moja hauna budi kungoja swali linalofuata. Mkazi wa Kampala na afikirie kituo cha teksi, ila teksi hizo ziwe zinaondoka kila baada ya dakika 8 badala ya kungoja kujaa: mwenye bahati huikuta inaondoka, aliyeikosa kidogo hungoja karibu dakika zote 8, na kwa wastani abiria hungoja dakika 4. Vivyo hivyo, kwa hezi 125 wastani wa kungoja ni milisekunde 4, kwa hezi 1000 ni nusu milisekunde, na kwa hezi 8000 haufiki hata sehemu ya kumi ya milisekunde.

Kwa hiyo kutoka hezi 125 hadi 1000 mchezaji huokoa milisekunde 3.5 kwa wastani, lakini kutoka 1000 hadi 8000 haokoi hata nusu milisekunde. Hunisikitisha kumwona kijana wa Wandegeya akidunduliza shilingi zake kwa miezi kadhaa anunue kipanya cha hezi 8000, kisha akakichomeka kwenye kompyuta yenye skrini ya hezi 60, ambayo huonyesha picha mpya kila baada ya milisekunde 16.7. Fedha hizo zingemfaa zaidi kwenye skrini. Tena, akicheza mtandaoni na seva iliyoko Ulaya, safari ya data kwenda na kurudi mara nyingi hupita milisekunde 100, na hapo kipanya hakina la kufanya.

Mwenye skrini ya kasi, hata hivyo, ana sababu ya kweli ya kuachana na hezi 125. Skrini ya hezi 240 hubadilisha picha kila milisekunde 4.2, ilhali kipanya hicho huleta habari kila milisekunde 8, hivyo karibu nusu ya picha huchorwa bila taarifa mpya ya mkono, na shabaha huonekana ikirukaruka badala ya kuteleza.

Viwango vya juu vina gharama pia. Kila ripoti hukatiza kazi ya prosesa kwa kitambo, na kipanya kisicho na waya humaliza betri haraka zaidi. Ikiwa gemu linaanza kukwama kila unapozungusha kipanya kwa nguvu na kutulia unapokiacha, fungua programu ya kipanya, ushushe kiwango hadi hezi 1000, kisha ujaribu mzunguko uleule.