Kuchoma taka nyumbani sio usafi: maswali ninayoulizwa kila wiki

Mimi ni muuguzi, nakaa chumba cha watoto kwenye zahanati moja huku uswahilini Dar. Kila jioni mitaa yetu inafuka moshi, na asubuhi benchi langu limejaa watoto wa kifua. Nimechoka kujibu kwa mdomo tu, leo naandika.

Taka za nyumbani ni zipi hasa?

Maganda, viporo, vinailoni, makopo, pampasi, makaratasi, majivu, nguo kuukuu. Nyumba nyingi za huku kwetu zaidi ya nusu ya taka ni za jikoni, yani maganda na mabaki ya chakula. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Sasa nikichoma si ndo nimesafisha?

Hapana. Uani pamebaki pasafi kwa macho, taka zenyewe umezihamishia kwenye mapafu ya mwanao. Plastiki ikiungua uani haiungui ikaisha, moto wake mdogo, inafuka tu, inatoa vumbi laini sana usiloliona, linapita pua linapita koo linaenda kukaa chini kabisa kwenye mapafu. Plastiki zenye klorini kama vipande vya mabomba ya maji, maturubai na nyaya zinatoa hewa ya asidi inayounguza koo na macho, na sumu zinaitwa dioksini ambazo zinaweza kuleta kansa na kuharibu ukuaji wa mtoto. Sumu hizo hazipotei moshi ukiisha, zinabaki kwenye majivu na udongo, kuku wako anadonoa hapohapo uani, zinaingia kwenye yai, yai anakula nani? Huyohuyo mtoto. Na mtoto anapumua haraka kuliko wewe, kwa uzito wake anavuta hewa nyingi zaidi, kwa iyo mkikaa wote kwenye moshi mmoja yeye ndo anaumia kwanza.

Nachoma kidogo tu, kinailoni cha kuwashia mkaa.

Hapana. Hii ndo inaniuma kuliko zote maana inafanyika kila siku na kila nyumba. Unakunja kinailoni au unakata kipande cha kandambili, unachomeka chini ya mkaa, jiko liko mlangoni, mtoto mgongoni, uso wake umeuinamia moshi pamoja na wako. Mara mbili kwa siku, mwaka mzima. Halafu unaniambia mtoto kifua chake "ndo alivyozaliwa". Hakuzaliwa hivo jamani! Washia vijiti vikavu, vifuu vya nazi, maganda makavu ya mahindi, na jiko liwashie nje mbali na mlango, liingie likishakolea, na hata likikolea mahali pa kupikia pawe wazi, usije ukalala nalo chumbani.

Nachoma usiku wakiwa wamelala.

Hapana. Usiku upepo umetulia, moshi unatambaa chini unaingia madirishani, na aliyelala hawezi kukimbia.

Moshi unafukuza mbu.

Hapana. Chandarua ndo kinga, na kumwaga maji yaliyotuama kwenye makopo na matairi.

Mbona nyie hospitali mnachoma?

Tanuri la kuchomea taka za hospitali likiwa la viwango linafika joto la nyuzi 850 na zaidi, lina bomba refu na mtu aliyefundishwa kuliendesha. Pipa lako la bati sio tanuri.

Mtoto anakohoa tangu juzi, nisubiri wiki iishe?

Usisubiri kabla hujamhesabu pumzi. Mwache atulie, asiwe analia wala ananyonya, funua kifua, shika simu yenye saa, hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika 1 nzima. Chini ya miezi 2 ukipata 60 au zaidi, miezi 2 hadi kabla ya mwaka ukipata 50 au zaidi, mwaka 1 hadi 5 ukipata 40 au zaidi, huyo anapumua haraka kupita kawaida, mlete siku hiyohiyo.

Na ukiona nyama ya chini ya mbavu inazama ndani akivuta pumzi, au anatoa mluzi, midomo imebadilika rangi, hanyonyi, amelegea haamki vizuri, hapo hakuna kuhesabu tena, mlete sasa hivi. Iwe saa nane usiku, mlete. Baba hayupo, mlete. Bibi anasema ni kifua tu apakwe dawa ya kuchua, shikamoo bibi, tunakuheshimu, mtoto aletwe. Ninaowapokea wamechelewa wengi walianza na dawa ya maji ya kikohozi ya dukani, kisha nusu chupa ya amoksilini iliyobaki kwa dada yake, kisha siku tatu za "tumwangalie", na anafika kwangu midomo imeshageuka bluu. Kuzama kwa mbavu hakungoji asubuhi.

Gari la taka haliji, unataka nizile?

Nakuelewa, kweli kuna mitaa gari linapita likijisikia. Ila ukitenga taka utashangaa zinazobaki za kungoja gari ni chache. Weka vyombo vitatu, hata viroba na ndoo mbovu inatosha.

Cha kwanza maganda na mabaki. Mwenye kuku au mbuzi kwa jirani ameshakusaidia, mengine fanya mboji. Una kauwanja, chimba shimo la kina cha goti, huna, chukua ndoo iliyopasuka itoboe chini. Tandika majani makavu, weka maganda, funika na udongo kidogo, rudia hivohivo, geuza kila baada ya wiki, ikikauka nyunyiza maji, baada ya miezi 2 au 3 ikiwa nyeusi inanukia udongo weka kwenye mchicha wako. Nyama, samaki na mifupa usiweke, utaita panya. Majivu ya mkaa ukiyaweka yawe kidogo na yamepoa kabisa, na majivu ya moto uliochomea plastiki usiyapeleke bustanini hata chembe.

Cha pili makopo ya maji, chupa, vyuma na mabox. Haya ni hela, wanaonunua kwa kilo wanapita mitaani. Cha tatu ndo kinachobaki, funga vizuri, weka juu mbwa wasifike, kingoje gari. Usikitupe mtaroni, masika ikija mtaro ukiziba maji yanarudi ndani yamechanganyika na ya vyooni na hapo tunaanza habari nyingine ya kipindupindu.

Na nipunguzeje kuziingiza?

Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini vile vinailoni laini vya kufungia bado tunaingia navyo kila jioni, kimoja cha nyanya, kimoja cha dagaa, kimoja cha chumvi. Nenda na kikapu na vibakuli vyako. Mafuta ya kula nenda na chupa yako safi upimiwe, chupa iliyowekwa dawa ya wadudu haisafishiki ikawa ya chakula, na mafuta ya taa kwenye chupa ya soda sitaki hata kusikia, mtoto atayanywa. Mboga nunua ya leo. Ugali pika wa walaji waliopo.

Pampasi je?

Ndo zinazochomwa sana na ndo mbaya, zimelowa, haziungui, zinafuka masaa. Mchana mvalishe nepi ya kitambaa, usiku pampasi. Aliyekuwa anatumia 5 kwa siku akibaki na 1, kwa wiki amepunguza 28. Kinyesi mwaga chooni, pampasi yenyewe ikunje uitie kwenye chombo cha tatu, usiitumbukize chooni, shimo litajaa.

Dawa zilizobaki na betri?

Hazichomwi. Dawa rudisha duka la dawa au zahanati, betri weka kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na watoto.

Mimi sichomi, jirani ndo anachoma, na mwanangu ana pumu.

Moshi ukianza muingize mtoto ndani, funga madirisha ya upande huo, au mpeleke kwa shangazi yake mpaka utulie. Pampu yake ya dawa ya kuvuta iwe mahali unapoijua hata umeme ukikatika. Jirani mfuate asubuhi moto umezimika, usimfuate na hasira, mpeleke huyo mtoto akamuone anavyovuta pumzi. Akiendelea nenda kwa mjumbe, kisha serikali ya mtaa, mkiwa wazazi watatu wanne mtasikilizwa haraka kuliko mmoja. Na usiku akibanwa, umempa pampu kama ulivyoelekezwa na hapati nafuu, funga mlango, mlete.