Kupanga nyumba Dar es Salaam: yanayosemwa na ukweli wake

Anayetafuta nyumba Sinza, Tabata au Mbagala huambiwa mambo yaleyale na madalali, na wenye nyumba, hata na ndugu waliokaa mjini miaka mingi. Mengi ni mazoea yaliyogeuzwa sheria, na mpangaji ndiye anayeyalipia.

"Kodi ya miezi sita ni sheria"

Hakuna sheria hiyo. Sheria ya udhibiti wa kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kiwango cha kodi na miezi ya kulipa mbele ni makubaliano ya pande mbili. Omba mitatu. Mwenye nyumba iliyokaa tupu miezi miwili husikiliza. Aliyepokea wateja watano jana hasikilizi. Ukikubali sita, piga hesabu yote: chumba na sebule kwa shilingi 200,000 kwa mwezi ni kodi 1,200,000, dalali 200,000 (mwezi mmoja ndiyo desturi), kisha kirikuu (gari dogo la mizigo) ya kuhamisha vyombo na kitasa kipya. Na mwezi wa saba utadaiwa 1,200,000 nyingine kwa mkupuo, kwa hiyo weka kando 200,000 kila mwezi tangu wa kwanza.

"Dalali anamjua mwenye nyumba"

Mara nyingi anamjua dalali mwenzake, naye kaambiwa na mwingine. Hapa ndipo watu wanapoumia zaidi. Utapeli wa kawaida ni huu: mpangaji anayekaribia kuhama anajifanya mwenye nyumba, anawaonyesha watu chumba, anapokea kodi ya miezi sita kwa watatu au wanne, halafu anazima simu. Funguo zilifanya kazi, chumba kilikuwepo. Mwenyewe ndiye hakuwepo.

Usilipe siku ya kuonyeshwa. Rudi jioni bila dalali, uwaulize wapangaji wa ndani wanamlipa nani. Pita ofisi ya Serikali ya Mtaa au kwa mjumbe, uulize nyumba ni ya nani. Kisha omba kuona karatasi pamoja na kitambulisho: hati, leseni ya makazi, au mkataba wa mauziano kwa maeneo yasiyopimwa. Kama mwenye nyumba alishafariki, mwenye mamlaka ya kukupangisha ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, naye ana barua ya uteuzi. Ukimlipa mtoto mmoja wa marehemu, wenzake watakuja kudai upya. Kodi iende benki au kwenye simu yenye jina la mwenyewe, na dalali apewe chake baada ya mkataba kusainiwa na funguo kuwa mkononi mwako.

"LUKU ni yako peke yako, huna deni la mtu"

Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla: kwa sasa 1,500 kwa mwezi nyumba ya kawaida, 7,500 kwa kila sakafu nyumba ya ghorofa. Mwezi usionunuliwa umeme, deni linasubiri. Nyumba iliyokaa tupu miezi minne itakukata 6,000 za miezi hiyo mara utakaponunua. Anayedaiwa kodi hiyo ni mwenye jengo, basi kubalianeni mapema kwamba itapunguzwa kwenye pango, na utunze ujumbe wa kila manunuzi. Kabla ya kusaini, nunua umeme wa 5,000 kwa namba ya mita hiyo uone unapata uniti ngapi.

Mita ya kuchangia ni tabu nyingine. Bei nafuu ya TANESCO, shirika la umeme, ni ya mtumiaji asiyezidi uniti 75 kwa mwezi. Wapangaji wanne na friji mbili hawaionji. Aliyepika kwa jiko la umeme na aliyewasha taa moja watachangia sawa, na ugomvi hauishi. Afadhali chumba kidogo chenye mita yake.

"Bomba lipo, maji yapo"

Fungua bomba. Uliza majirani DAWASA (mamlaka ya maji) hutoa maji siku zipi, simtanki ni la lita ngapi kwa watu wangapi, na pampu inakula LUKU ya nani. Kama ni kisima, onja na ujaribu sabuni: visima vingi vya Dar vina chumvi, povu halishiki na bomba hushika kutu.

"Nimeikagua mwenyewe, haina shida"

Uliikagua Agosti. Masika ni Machi hadi Mei. Tazama rangi iliyobanduka usawa wa goti, mstari wa tope ukutani, vizingiti vilivyoinuliwa kwa tofali. Muulize jirani kama chemba za choo hufurika mvua ikinyesha, na nani hulipia gari la kunyonya.

"Bila maandishi huna haki"

Sheria ya Ardhi ya 1999 inatambua upangaji wa mdomo usiozidi mwaka mmoja. Tatizo ni ushahidi mkifika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa hiyo andika: kiasi, miezi, muda wa notisi kwa pande zote mbili, nani anatengeneza nini, idadi ya taa, koki na vioo. Piga picha za kila chumba. Tarehe ya kuanza iwe siku ya kukabidhiwa funguo, isiwe siku uliyolipa. Fundi akichelewa wiki tatu kumaliza rangi, wiki hizo zisihesabiwe kwenye miezi yako.