Je, Wajua Kwa Nini Picha ya Kivuli Hukatwa kwa Uso wa Upande?

Jioni moja stima ilipotea hapa kwetu Kibokoni, nyumba nzima ikabaki na mshumaa mmoja. Mpwa wangu wa miaka tisa akaketi baina ya mshumaa na ukuta. Alipoukabili ukuta, kivuli chake kilikuwa duara lenye masikio mawili, sufuria tupu. Alipogeuka ubavu, tukaangua kicheko: paji, pua, midomo, kidevu, ndiye yeye hasa!

"Mjomba, mbona nikitazama mbele sijulikani?"

Jibu lake ndilo msingi wa picha zinazokatwa kwa mkasi kwenye karatasi nyeusi na kubandikwa juu ya nyeupe. Kivuli hakina macho wala rangi, kina ukingo tu. Ukiukabili ukuta, pua na midomo humezwa na weusi, na ukingo unaosalia ni wa mashavu na masikio, ambayo kwa wengi wetu yanakaribiana. Ukigeuka, pua hujitokeza ukingoni, na hapo hakuna wawili waliolingana. Hata shilingi ya Afrika Mashariki ya enzi za ukoloni ilimchonga Mfalme George wa Tano kwa upande, si kwa mbele.

Wazungu huziita picha hizi silhouette, kwa jina la Étienne de Silhouette, waziri wa fedha wa Ufaransa mwaka 1759. Alibana matumizi kupita kiasi, hakumaliza hata mwaka mmoja madarakani, na jina lake likawa kejeli kwa kila kitu cha bei ya chini. Kuchorwa kwa rangi kulikuwa kwa matajiri. Kivuli cha karatasi hata fundi viatu angeweza kukilipia.

Huko Philadelphia, Marekani, alikuwapo Moses Williams, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani na kuachwa huru mwaka 1802. Alikata picha katika jumba la makumbusho la Charles Willson Peale, kwa senti nane. Mwaka 1803 pekee alikata zaidi ya 8,000. Mashine ilifuata ukingo wa uso na kuuchora mdogo kwenye karatasi nyeupe, naye akautoa uso kwa mkasi na kulibakisha tundu. Tundu likiwekwa juu ya kitambaa cheusi, picha imekamilika. Mimi hilo hunistaajabisha: sura ya mtu ni pale pasipo na karatasi.

Wengine hawakutaka mashine. Mfaransa Auguste Edouart alimtazama mtu na kukata moja kwa moja, kwa karatasi iliyokunjwa ili zipatikane nakala mbili, moja ya mteja na moja ya kumbukumbu yake. Mwaka 1849, akirudi kutoka Marekani, meli yake ilivunjika karibu na kisiwa cha Guernsey na nyingi ya nakala zake zikapotea. Kufikia hapo kamera, iliyotangazwa Paris mwaka 1839, ilikuwa imeshaanza kuwanyang'anya mafundi hawa wateja.

Ukitaka kujaribu nyumbani, kichwa kiwe karibu na ukuta na mshumaa uwe mbali. Mwali una upana wake, na kila sehemu yake hutupa kivuli chake. Mshumaa ukisogea karibu na kichwa, vivuli hivyo hupishana sana na ukingo hufifia. Fuata ukingo kwa penseli, kisha ukate. Mkono wenye mkasi usihangaike, uzungushe karatasi kwa mkono wa pili. Sisi tulijifunza hilo baada ya kuikata pua yangu mara mbili.

Stima iliporudi, mpwa wangu alikuwa amemkata na mama yake. Tulipobandika, tulikuta tumepeana mgongo, dada yangu na mimi. Akanibandua, akanigeuza upande wa pili, tukatazamana.