Pikapu Inapolia Nyuma: Usikimbilie Kufungua Difu

Wenye pikapu wengi wanaoniletea mlio wa nyuma huwa wameshapewa jibu njiani: difu, yaani kisanduku cha gia kilicho katikati ya ekseli (mhimili wa magurudumu) ya nyuma, imekufa. Mara nyingi difu yenyewe ni nzima. Hili huniuma, kwa sababu difu ndiyo kazi nzito kuliko zote za upande ule wa gari, na ikifunguliwa na mtu asiyejua kupima nafasi kati ya meno ya krauni na pinioni, gia mbili kuu za ndani yake, itafungwa ikiwa inalia hata kama ilikuwa kimya. Kwa hiyo naeleza hapa jinsi ninavyoufuatilia mlio kabla sijashika spana.

Kwanza, usiliamini sikio lako linapokuambia mlio uko wapi. Pikapu hukaa juu ya chesi ya chuma, na chuma husafirisha sauti. Senta beringi, inayoshikilia katikati ya gari ile propela, yaani shafti ndefu inayopeleka mzunguko kwenye difu, utaapa kwamba inalia kwenye ekseli. Beringi ya gurudumu la kushoto inaweza kusikika kulia. Sikio husema kweli zaidi ukiliuliza ni lini. Mlio unakuja ukikanyaga mafuta au ukiyaachia? Kwenye tuta au hata kwenye lami laini? Kwenye kona? Ukipakia mzigo unazidi au unapotea?

Halafu toa kila kitu kwenye bodi: jeki, spana, mnyororo, kipande cha mbao kilichosahaulika. Tikisa kilango cha nyuma. Ingia chini usukume tairi la akiba kwa mkono. Likicheza kwenye mnyororo wake, litagonga kwenye kila tuta. Gongagonga bomba la moshi kwa ngumi likiwa limepoa, maana kingao chake cha bati kikilegea hutetemeka na kupiga kelele injini ikifika mzunguko fulani. Ukisimama, ukaweka gia huru, ukakanyaga mafuta na kelele ikatokea vilevile, basi magurudumu na difu hazihusiki, kwa kuwa hapo hazizunguki.

Baada ya hapo milio hugawanyika mara mbili: inayofuata barabara na inayofuata mwendo.

Inayofuata barabara ni ya springi na jamaa zake. Likigonga mara moja kwa uzito, "ko!", kwenye shimo au tuta, naanzia kwenye bushi (vikombe vya mpira) za shokapu na za shakeli, kile kiungo kinachoshika ncha ya springi kwenye chesi. Naingiza nondo kati ya springi na shakeli, nabinua, natazama kama kuna mchezo, yaani kulegea. Kisha yubolti, zile bolti zenye umbo la U zinazofunga ekseli kwenye springi. Yubolti ikilegea, ekseli husogea kidogo juu ya springi, na mahali pa kukalia utaona chuma kimeng'aa au vumbi jekundu la kutu. Hapo usikaze tu ukaondoka. Angalia bolti ya katikati inayoshikilia majani ya springi. Ikikatika, ekseli inaweza kurudi nyuma upande mmoja, na gari linatembea likiwa limekaa kishazari. Pima kwa futi kutoka ekseli hadi alama ileile ya chesi, kulia na kushoto. Vipimo vikitofautiana waziwazi, umeshapata habari. Jani lililovunjika nalo hujificha, hasa likikatika karibu na yubolti, kwa hiyo pitisha kidole ukingoni mwa kila jani.

Kama ni mlio wa kukwaruza gari likiyumba taratibu, tumia maji. Mwagia sehemu moja tu, tuseme ncha za majani ya springi, kisha mtu arukeruke kwenye bodi. Mlio ukinyamaza kwa muda, ni hapo. Usipokoma, nenda kwenye bushi. Maji hayaharibu kitu. Wanaopaka oili chafu wanafanya kosa, kwani oili hulainisha na kuozesha mpira wa bushi.

Milio inayofuata mwendo ndiyo ninayoipenda, kwa sababu inahesabika. Katika pikapu nyingi propela huzunguka takriban mara 4 gurudumu linapozunguka mara 1. Uwiano wa difu kama 4.1 ni wa kawaida. Tairi lenye mzingo wa mita 2.2 hivi, gari likienda kilomita 4 kwa saa, humaliza mzunguko mmoja kwa takriban sekunde 2. Basi teremsha dirisha, tembea polepole kando ya ukuta ili sauti ikurudie, na uhesabu. Likigonga mara moja kila sekunde 2, tafuta kwenye gurudumu: ngoma ya breki, jiwe lililonasa, nati iliyolegea, tairi lililovimba. Likigonga mara 2 kila sekunde, tafuta kwenye propela. Krosi, yaani kiungo cha msalaba cha propela, ikikauka grisi hulia kama ndege mwendo ukiwa mdogo, na kadiri unavyoongeza mwendo sauti huungana mpaka huisikii tena.

Krosi ina ushahidi mwingine: ukitoka rivasi kwenda mbele inagonga mara moja. Zuia magurudumu kwa vigingi, weka gia huru, shika propela upande mmoja wa krosi na kichwa chake upande wa pili, uzungushe kinyume. Mchezo wowote ndani ya krosi ni ubovu. Lakini propela nzima ikicheza kidogo kwenda na kurudi, hiyo ni nafasi ya kawaida ya meno ya difu.

Mvumo wa "vuuu" usiokoma ni wa tairi au beringi. Mvumo wa tairi hubadilika lami inapobadilika. Wa beringi hubaki uleule. Ukikata kona kushoto uzito huhamia kulia, na beringi mbovu ya kulia huvuma zaidi, ingawa kwenye ekseli nzima ya pikapu tofauti hiyo si kubwa kama kwenye magurudumu ya mbele.

Difu naifikia mwisho, na nayo hujitambulisha. Meno ya krauni na pinioni hulia kwa sauti nyembamba inayobadilika ukikanyaga mafuta na ukiachia, kwenye mwendo uleule. Beringi ya pinioni hunguruma zaidi, mara nyingi ukikanyaga na ukiachia vilevile. Kelele inayotokea kwenye kona kali tu hunipeleka kwenye gia ndogo za ndani. Kama ni difu yenye kizuia mtelezo, huenda imewekwa oili isiyo yake, na kuibadilisha kwa oili inayotakiwa kunaweza kutosha. Fungua kizibo cha kujazia kabla ya kile cha kumwagia, usije ukamwaga oili ukakuta cha juu hakifunguki. Matope meusi laini kwenye sumaku ya kizibo ni ya kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha si vya kawaida, na hapo tu ndipo nakubali kufungua difu.

Ukiingia chini, jeki peke yake haitoshi, weka stendi. Na usiinue gurudumu moja kisha ukatia gia injini ikiwaka: gurudumu lililobaki chini linaweza kusukuma gari likakuangukia.

Bushi ya shakeli inaweza kungoja wiki. Krosi yenye mchezo isingoje, maana ikikatika propela huanguka gari likiwa kwenye mwendo. Nati za gurudumu zilizolegea na beringi ya ekseli inayonguruma nazo hazingoji: kwenye ekseli nyingi za pikapu beringi hiyo ndiyo inayobeba gurudumu na kulizuia lisitoke pamoja na shafti yake. Gari la namna hiyo lipakie juu ya lingine, usiliendeshe kuja kwa fundi.