Soldbuch, Wehrpass na kibati cha shingoni: dhana potofu kuhusu karatasi za askari wa Kijerumani

Anayerithi karatasi za askari wa Kijerumani wa Vita Kuu ya Pili kwa kawaida hukimbilia ukurasa wa kwanza: jina, cheo, picha. Habari za vita vyake ziko ndani zaidi, na kurasa hizo ndizo zinazosomwa vibaya.

Dhana: Soldbuch na Wehrpass ni kitu kimoja.

Soldbuch ni kitabu cha mshahara kilichokuwa pia kitambulisho. Askari alikaa nacho mwilini, uwanjani na likizoni. Wehrpass, kitabu cha kumbukumbu za utumishi wake, alipewa alipopimwa na kuandikishwa. Akiitwa kazini, ilibaki ofisini kwa kombania yake, na alirudishiwa alipoachishwa jeshi. Akifa, ilipelekwa kwa familia. Kwa hiyo familia kuwa na Wehrpass hakuthibitishi kwamba alifia vitani, wala kwamba alirudi salama; tafuta maandishi ya kuachishwa au ya kifo. Na kama maandishi yanakoma 1944, usihitimishe kwamba utumishi ulikoma. Mwisho wa vita makarani wengi hawakuwahi kujaza kilichobaki.

Dhana: Kikosi kilichochongwa kwenye kibati ndicho alichopigana nacho.

Hili ndilo kosa linalopoteza watu wengi. Kibati cha utambulisho, alichovaa shingoni, kilitolewa na kikosi kilichompokea mwanzoni, mara nyingi kikosi cha mafunzo na akiba, na hakikubadilishwa kwa sababu tu amehamishwa. Hakina jina. Kina kikosi, namba ya askari katika orodha ya kikosi hicho na, mara nyingi, kundi la damu. Ukiona «Ers.» katikati ya maandishi, hiyo ni Ersatz: kikosi cha kujazia nafasi, kilichokaa mbali na mapigano.

Safari yake halisi iko ukurasa wa 4 wa Soldbuch. Sehemu A inataja kikosi cha akiba kilichomtuma, B inataja vikosi vya uwanjani, C kikosi cha akiba kilichomhusu baadaye. Kila alipohamishwa, karani alipiga mstari juu ya jina la zamani na kuandika jipya chini yake. Usiyaruke yaliyopigwa mstari, maana hayo ndiyo mfuatano wa vikosi vyake! Nakili kila mstari kama ulivyo, pamoja na nukta zake, kwa sababu nukta zina maana: «2./I.R. 15» ni kombania ya 2 ya Rejimenti ya 15 ya askari wa miguu, bali «II./I.R. 15», kwa namba za Kirumi, ni batalioni ya pili ya rejimenti hiyohiyo. Anayeandika 2 badala ya II anamtafuta mtu asipokuwepo.

Shida ya ukurasa huo ni kwamba kwa kawaida hauna tarehe, hivyo lazima uzikusanye kwingine: kupandishwa cheo, chanjo, kulazwa hospitali, nishani, likizo. Panga tarehe hizo zote kwenye jedwali moja, kisha weka kando ya kila moja muhuri wa kikosi kilichoidhinisha. Muhuri wa likizo ukiwa wa kikosi kipya, unajua kwamba kufikia siku hiyo alikuwa ameshahamia. Ugonjwa au jeraha katika kurasa za hospitali huandikwa kwa namba ya siri ya madaktari, si kwa jina, kwa hiyo usiidhanie kuwa namba ya wodi.

Mwandiko nao una mitego. Katika mwandiko wa zamani wa Kijerumani herufi e hufanana na n, na u hutambulika kwa kikunjo kilicho juu yake.

Dhana: Namba ya posta ya jeshi ilikuwa ya kikosi kimoja vita nzima.

Feldpostnummer ilikuwa na tarakimu tano na ilificha jina la kikosi. Namba iliweza kufutwa, kisha ikapewa kikosi kingine. Itafute pamoja na tarehe ya barua au muhuri.

Dhana: Soldbuch isiyo na picha ni ya kughushi.

La. Soldbuch nyingi za miaka ya mwanzo hazikuwa na picha. Sharti hilo lilikuja vita ikiendelea. Shuku zaidi picha ambayo muhuri wake hauendelei sawasawa kwenye karatasi, au nishani za miaka tofauti zilizoandikwa kwa wino na mkono uleule. Wauzaji huongeza nishani kwa sababu zinapandisha bei.

Dhana: Rekodi zote ziliungua.

Kilichoungua Potsdam, Aprili 1945, ni hasa kumbukumbu za jeshi la Prussia, na hasara hiyo inawaumiza zaidi wanaotafuta askari wa 1914–1918. Za Bavaria zimebaki München. Msomaji wa Tanzania anayemfuatilia Mjerumani aliyepigana chini ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Kijerumani Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza, ajue pia kwamba Soldbuch ninayoieleza hapa ni ya kuanzia 1939.

Kwa Vita ya Pili, andikia Bundesarchiv (Hifadhi ya Nyaraka ya taifa la Ujerumani), Berlin, iliyoichukua mwaka 2019 ofisi ya zamani ya WASt, iliyotunza taarifa za askari waliokufa, waliojeruhiwa na waliotekwa. Orodha za vibati ziko huko. Taja jina kamili, tarehe na mahali pa kuzaliwa, na maandishi ya kibati herufi kwa herufi; jibu huchukua miezi. Mafaili ya maofisa na shajara za vita za vikosi yatafute Freiburg, kwenye tawi la kijeshi la Bundesarchiv. Kaburi, anza na Volksbund, shirika la Kijerumani linalotunza makaburi ya vita.